Maziwa hayafiki mapafuni

Mama Zuhura wa Mbagala ameniandikia kuhusu mumewe. Barua yake ni ndefu, nimeipunguza bila kugusa hoja:

“Shikamoo mtaalamu. Baba Zuhura ni mchimbaji, huu mwaka wa tisa. Sita ya kwanza alikuwa kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, huko Geita, mitatu hii yuko kwa mkandarasi kwenye mgodi mkubwa wa chini ya ardhi, anarudi nyumbani kila baada ya wiki sita. Tangu mwaka jana anakohoa kikohozi kikavu alfajiri. Akishuka Rangi Tatu kuja nyumbani anasimama njiani mara mbili na kujifanya anaangalia simu, kumbe pumzi imemkatikia. Makohozi yamepimwa mara mbili, hana TB. Mwenyewe anasema vumbi keshalizoea, na kila akitoka shifti anakunywa maziwa ili vumbi lishuke. Barakoa anavaa. Huko chini mashine za dizeli nazo zinafuka moshi. Naomba kujua: maziwa yanasaidia kweli? Barakoa inatosha? Apimwe nini? Halafu sasa anataka kuacha mgodi, aje Tabata kwa binamu yake wakate mawe ya kaunta za jikoni. Nimkubalie?”

Marahaba, Mama Zuhura. Hilo la kujifanya anaangalia simu limenigusa kuliko yote uliyoandika, na nitalirudia, maana ndilo linalonitisha zaidi ya kikohozi chenyewe.

Nianze na maziwa. Sijawahi kuingia mgodini, wala karakana ya kuchomelea, nisiambiwe habari za maziwa. Wapo waajiri wanaoyagawa kila siku na kuona wajibu wao umekwisha hapo. Maziwa ni chakula kizuri, na mtu aliyeshinda anachoronga mwamba, yaani anautoboa kwa mashine, anayastahili. Lakini yanapita njia ya chakula na kuishia tumboni, wakati vumbi linapita njia ya hewa na kuishia mapafuni. Njia hizo zinaachana pale kooni, na tone moja tu la maziwa likipotea likaingia njia ya hewa, mtu anapaliwa mpaka machozi yanamtoka. Baba Zuhura hapaliwi. Basi ajue kwamba maziwa yake hayajawahi kulifikia vumbi hata siku moja. Yanachofanya ni kulainisha koo, naye anahisi nafuu. Nafuu hiyo ni ya koo peke yake.

Na vumbi linalokwama kooni si lile la kuogopa. Chembe kubwa zinanaswa puani na kwenye ute wa njia ya hewa, zinasukumwa juu, unazitema au unazimeza, zimekwisha. Chembe ninazozizungumzia hapa ni zile zisizozidi maikroni nne au tano hivi, na maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una unene wa kama maikroni 70, kwa hiyo hesabu mwenyewe: chembe kumi na zaidi zikipangwa mstari ndiyo zinaupata upana wa unywele mmoja. Jicho halizioni. Zinapita puani bila kuguswa, zinapita kooni, zinateremka hadi kwenye vifuko vidogo vya hewa mwisho kabisa wa pafu, mahali ambapo damu inachukua hewa safi. Huko hakuna ute wala vinyweleo vya kuzifagia zirudi juu.

Ngoja nikusimulie kitu nilichokiona kwa macho, kwa sababu bila hicho maneno “vumbi lisiloonekana” yanabaki hewani. Niliwahi kushuka kwenye duara moja kanda ya Ziwa kupima hewa. Chombo chenyewe ni pampu ndogo kama simu, inafungwa kiunoni, mpira wake unapanda mpaka kwenye ukosi wa shati, na pale ukosini kuna chujio jeupe la duara lenye upana wa kifuniko cha chupa ya maji. Pampu inavuta hewa ileile anayovuta mchimbaji. Tulimfunga kijana aliyekuwa anachoronga. Walikuwa wanachoronga pakavu, bila maji, na mashine ilipoanza sikuona mkono wangu. Haikufika saa moja, chujio likawa limeziba na pampu ikaanza kulia.

Lakini hilo halikunishangaza. Kilichonishangaza ni cha baada yake. Kazi ilisimama, wakashushiwa chai. Wingu likatulia, taa za kichwani zikaonyesha ukuta vizuri, na yule kijana akashusha barakoa yake kidevuni akasema, “Vumbi limeisha.” Nikabadilisha chujio, nikaiacha pampu iendelee huku wao wanakunywa. Chai ilipomalizika nililifungua. Lilikuwa la kijivu. Katika hewa ambayo sote wanne tuliiona safi, na ambayo nami nilikuwa nimeshawishika kuivuta bila kujikinga, chujio jipya lilikuwa limechafuka ndani ya nusu saa.

Sababu yake ni uzito. Punje ya mchanga yenye maikroni 100 ikiachiwa usawa wa pua inafika chini kwa sekunde chache. Chembe ya silika ya maikroni moja, hata hewa ikiwa imetulia kabisa, inahitaji zaidi ya saa nne kushuka urefu huohuo. Na hewa ya shimoni haitulii: watu wanapita, viroba vinavutwa, kompresa inapuliza. Chembe hiyo haitui. Mchimbaji anakula nayo, anapumzika nayo, anaikuta ya shifti iliyotangulia bado inaelea.

Nimeitaja silika, na ndiyo kiini cha jibu langu. Ni madini yaliyomo kwenye mchanga na kwenye miamba mingi migumu, na lile jiwe jeupe linaloshika dhahabu limejaa silika hasa. Ndiyo maana vumbi na vumbi si sawa. Wakazi wa Dar wanalijua vumbi la kokoto la Kunduchi Mtongani, jeupe, linaloganda kwenye kope za akina mama wanaogonga mawe. Linaumiza macho na kifua, sitaki mtu alidharau. Ila mawe yale ni ya chokaa, na chokaa ina silika kidogo. Mererani, wachimbaji wanaoitwa wanaapolo hutoka shimoni weusi tii kwa vumbi la madini meusi ya grafaiti, mtu akawaogopa kwa rangi, kumbe la kuogopwa zaidi ni silika ya mwamba uliochorongwa humohumo. Usipime hatari kwa rangi wala kwa wingi unaouona.

Silika ikifika kwenye kifuko cha hewa, mwili unatuma seli zake za ulinzi ziimeze, kama zinavyomeza vijidudu. Kijidudu humezwa kikafa. Silika haifi. Seli ndiyo inayokufa, inapasuka, inamwaga sumu zake palepale, na chembe inabaki huru kumezwa na seli nyingine, nayo ikafa. Mzunguko huo unaacha makovu. Kovu la pafu ni kama kovu la mguuni: ni nyama ngumu isiyovutika. Makovu yakiongezeka pafu linakakamaa, na ugonjwa huo ndio silikosisi. Hauna dawa ya kuuondoa. Kwa kawaida hujitokeza baada ya miaka kumi au zaidi, lakini vumbi likiwa zito sana huja ndani ya miaka mitano hadi kumi, na kwa waliozamishwa hasa kwenye vumbi, hata kabla ya hapo. Unaweza pia kuendelea baada ya mtu kuacha kazi, kwa sababu vumbi lililoingia limebaki ndani.

Sasa rudi kwa mumeo na simu yake. Akisema amelizoea vumbi hasemi uongo, koo lake limelizoea kweli. Pafu halizoei. Mtu anayepungukiwa pumzi polepole hajui kwamba anapungukiwa, anapunguza mwendo tu. Anaacha kucheza mpira, anasema ni umri. Anamwachia mwenzake abebe ndoo, anasema mgongo. Anasimama njiani na kutoa simu. Miaka sita ya maduara na dalili hizo zinanitosha kukwambia asisubiri likizo nyingine.

Kwa nini naikazia miaka ile sita ya Geita? Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulipima silika kwenye migodi midogo ya dhahabu hapa nchini, na chini ya ardhi ulikuta wastani wa miligramu 16.85 katika kila mita ya ujazo ya hewa. Taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, NIOSH, imependekeza tangu 1974 kwamba isizidi miligramu 0.05. Hiyo ni mara 337. Tarakimu zinapita haraka masikioni, kwa hiyo tuziweke jikoni. Mtu anayefanya kazi ngumu anavuta kama mita za ujazo kumi za hewa katika shifti ya saa nane. Akiwa kwenye kiwango kinachopendekezwa, silika yote aliyovuta siku hiyo ni nusu miligramu, sawa na punje nane au tisa hivi za chumvi ya mezani. Kwenye hewa iliyopimwa ni miligramu 168, ile chumvi unayoibana kwa ncha za vidole kutia kwenye mchuzi. Haibaki yote mapafuni, nyingine inatoka na pumzi. Lakini anaivuta leo, kesho na keshokutwa, kwa miaka sita.

Hapo ndipo unapopata jibu la barakoa. Ya kitambaa, au ile nyepesi ya hospitali tuliyoizoea wakati wa UVIKO, kwa vumbi hili ni sawa na kuchota maji kwa pakacha. Ya vumbi hasa, ile ngumu iliyoandikwa N95 au FFP2, inanasa chembe ndogo vizuri, lakini tu ikibana uso pande zote. Ndevu za siku tatu zinaifungulia mlango. Jasho linailainisha, na ikivaliwa wiki nzima inakuwa tambara. Hata ikivaliwa inavyopaswa, wataalamu huihesabia kwamba inapunguza vumbi mara kumi. Chukua 16.85 ugawanye kwa kumi: unapata karibu 1.7, ambayo bado ni zaidi ya mara 30 ya kinachopendekezwa. Barakoa nzuri, iliyovaliwa vizuri, na kijana anaugua vilevile. Avae, ndiyo, asiivue hata wakati wa chai. Ila mwenye duara anayenunua katoni ya barakoa na kuendelea kuchoronga pakavu hajamkinga mtu.

Kinachokinga ni maji. Mashine ya kuchoronga inayopitisha maji ndani ya chuma chake, yakatokea nchani pale jiwe linaposagwa, inaligeuza vumbi kuwa tope kabla halijaruka. Ujuzi huu una zaidi ya miaka mia moja, na Afrika Kusini walilazimika kuutumia mapema baada ya wachorongaji wao kufa kwa wingi. Kwenye maduara huambiwa maji ni ghali kiangazi, yanaongeza uzito wa viroba, yanalegeza kuta. Nimezisikia sababu hizo na sizidharau. Kuta zinashikwa na matimba, yale magogo ya kuzuia, na kwa mchorongaji mmoja pipa la maji juu ya shimo na mpira mmoja wa kuteremsha vinakwenda mbali sana. Baada ya kulipua baruti, watu wakae nje mpaka hewa ibadilike, kwa ajili ya gesi na kwa ajili ya vumbi. Mawe yaliyolipuliwa yamwagiwe maji kabla ya koleo kugusa. Na ile tabia ya kujipuliza nguo kwa upepo wa kompresa, jamani, tuiache. Inalirusha vumbi lote la kutwa usoni pa mtu na pa jirani yake.

Kwenye mgodi mkubwa alipo sasa, kuchoronga kwa maji ni kawaida na mafeni makubwa yanasukuma hewa, kwa hiyo silika yake huenda imepungua sana. Kinachoongezeka ni hicho ulichokitaja mwenyewe, moshi wa dizeli. Moshi huo ni chembe za masizi ndogo kuliko hata za silika, nyingi zikiwa chini ya maikroni moja, zimebeba mabaki ya mafuta yasiyoungua vizuri. Juu ya ardhi upepo unauchukua. Chini, malori na mashine za kuzoa mawe zinapumulia kwenye njia ileile wanayopumulia watu. Mwaka 2012 ulitoka utafiti mkubwa wa Marekani uliofuatilia wafanyakazi 12,315 wa migodi minane, ukakuta kwamba waliokaa zaidi kwenye moshi wa dizeli walikufa zaidi kwa saratani ya mapafu. Juni mwaka huohuo, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo Lyon, Ufaransa, likauweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani. Silika lilikuwa limeiweka humo tangu 1997.

Mwulize anafanya kazi gani hasa huko chini. Anayeendesha mashine ndani ya kabini iliyofungwa, yenye chujio linalobadilishwa, yuko mahali tofauti kabisa na anayetembea nyuma yake kushika bomba. Mwulize kama mashine zinaachwa zikiunguruma wakati hazina kazi, na kama lile bomba la turubai linalopeleka hewa pale panapochimbwa linafika kweli au limechanika mita 30 nyuma. Nimelikuta limechanika mara nyingi. Feni linanguruma, kila mtu anaamini kuna hewa, na hewa yote inamwagika pasipo na mtu. Kulishona ni kazi ya dakika chache, na mchimbaji yeyote anaweza kusema “bomba limechanika” bila kuonekana mkorofi.

Apimwe nini. Kwanza, kabla ya kipimo chochote, chukueni karatasi ya daftari muandike kazi zake zote: mwaka gani hadi mwaka gani, wapi, alikuwa anafanya nini, walichoronga kwa maji au pakavu. Karatasi hiyo ina thamani kuliko mnavyodhani. Daktari aliye Temeke au Muhimbili anaona watu mia wanaokohoa, na makovu ya silika hupenda kukaa sehemu ya juu ya mapafu yote mawili, mahali palepale TB inapopenda. Asipojua kwamba mgonjwa amechimba, ataona picha na kufikiria TB. Nimekutana na wachimbaji waliomeza dawa za TB duru ya pili na ya tatu, makohozi yao hayajawahi kuonyesha kijidudu, na hakuna aliyewauliza wanafanya kazi gani.

Akiwa na karatasi hiyo aombe eksirei ya kifua, na kipimo cha kupuliza kwenye mashine kinachoonyesha mapafu yanabeba na kutoa hewa kiasi gani. Makohozi yapimwe tena kwa GeneXpert, mashine inayotafuta kijidudu cha TB, hata kama yameshapimwa. Hili la mwisho usilichoke, Mama Zuhura. Silika inalegeza ulinzi wa pafu, na mtu mwenye silikosisi anapata TB mara tatu na zaidi ya mtu wa kawaida. Akiwa na VVU pia, hatari inapanda mara nyingi zaidi. Kwa hiyo kutokuwa na TB mwaka jana si cheti cha mwaka huu. Apime na VVU, na wewe uende naye, iwe safari ya nyumba nzima. Kama anavuta sigara aiache sasa. Huko kaskazini ipo hospitali ya Kibong'oto, Siha, yenye uzoefu mrefu wa vifua vya wachimbaji, ila msifunge safari kabla hamjaanza na hapa mjini.

Eksirei ikionyesha makovu, jambo moja haliwezi kusubiri: asirudi kwenye vumbi. Najua ada ya Zuhura inalipwa na nini. Naandika nikijua. Makovu hayaondoki, lakini kuyaongezea chakula kunaweza kuzuilika, na tofauti ya mtu anayechoka akipanda mlima na mtu asiyeweza kuvaa shati bila kupumzika mara nyingi ni ile miaka michache aliyojilazimisha kubaki.

Kuhusu haki zake nitasema kwa ufupi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka mfanyakazi apimwe afya anapoanza kazi, akiwa kazini na anapoondoka. Asiondoke kwa mkandarasi bila kupimwa, na asiondoke bila nakala ya majibu yake, pamoja na picha za eksirei. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unachangiwa na mwajiri peke yake na unashughulikia magonjwa yatokanayo na kazi. Akikutwa na ugonjwa, mwajiri ataarifiwe na madai yapelekwe mapema. Ugumu ni ile miaka ya maduara, ambako hakukuwa na mkataba wala mwajiri aliyeandikwa. Ndiyo sababu nyingine ya kuitunza karatasi ile, na majina ya wenzake waliochimba pamoja. Afrika Kusini mahakama iliidhinisha mwaka 2019 makubaliano ya kampuni za dhahabu kulipa takribani randi bilioni tano kwa wachimbaji wenye silikosisi na familia zao, wakiwemo waliofanya kazi nyuma hadi 1965. Wajane wengi wamehangaika kutafuta ushahidi kwamba mume alifika mgodini hata siku moja.

Hujaniuliza habari za nguo, lakini wewe ndiye unayezifua. Akirudi na begi la nguo za kazi usizikung'ute uani. Ziingize kwenye beseni la maji zikiwa zimekunjwa, zilowe kabisa, ndipo uzifikiche, peke yake bila nguo za mtoto. Viatu vibaki nje. Zuhura amrukie baba yake akishaoga. Na mahali palipomwagika vumbi pafute kwa tambara bichi, si ufagio mkavu.

Mwisho, Tabata. Hapa nakuomba usimkubalie mpaka ukaone, kwa sababu naogopa anaruka majivu na kukanyaga moto. Granaiti, mojawapo ya mawe ya kaunta, ni mwamba uleule mgumu wenye silika. Na yale mawe ya kaunta yanayotengenezwa kiwandani, yanayong'aa kama kioo na kupendwa sana sasa kwenye nyumba mpya za Dar, yanaweza kuwa na silika zaidi ya asilimia 90, kuliko miamba mingi aliyowahi kuichimba. Australia waliona vijana wa miaka ya thelathini wakiugua silikosisi kwa kuyakata, na tangu tarehe 1 Julai 2024 wamepiga marufuku kuyatengeneza, kuyauza na kuyafunga. Kinachokata mawe hayo hapa kwetu mara nyingi ni grainda ya mkononi, kavu, kwenye kibanda chenye mabati pande tatu, nusu mita kutoka usoni pa fundi. Ni duara lililohamia mjini.

Nenda ukaitembelee karakana ya binamu siku ya kazi, bila taarifa. Tazama kama msumeno unamwagiwa maji muda wote wa kukata, na usiishie hapo, tazama wanapong'arisha kingo, maana hapo ndipo wengi wanafunga bomba. Kisha pitisha kidole juu ya kisanduku cha swichi ya umeme ukutani, mahali ambapo hakuna anayefagia. Kikitoka na unga mweupe, mwambie binamu asante kwa wito, na Baba Zuhura apewe kazi ya kuchukua vipimo kwa wateja au kuendesha gari la kupeleka mawe. Akili ya kupima na kukadiria jiwe anayo tayari, ameilipia miaka tisa.